Tuliomba, na bado alikufa

SWALI: Mchungaji, mume wangu alifariki miezi 14 iliyopita kwa saratani ya ini. Tulifunga, tukakesha, watu wengi wakamwekea mikono. Mpaka siku ya mwisho nilikuwa naamini atainuka kitandani. Baada ya mazishi mtu mmoja wa kanisani akaniambia labda palikuwa na shaka moyoni mwangu. Ibadani naendelea kwenda, lakini nyimbo zikianza sauti hainitoki. Mwanangu wa miaka 7 ameniuliza, "Mama, kwani Mungu hakutusikia?" Nikamwambia akalale. Hilo tumaini mnalohubiri ni kitu gani hasa? Na mtu analipataje likae, lisiishie Jumapili saa sita?
Mjane, mama wa watoto wawili

JIBU: Dada yangu, pole. Pole ya msiba, na pole nyingine ya neno uliloambiwa baada ya mazishi. Nitaanza na hilo la pili, maana likiendelea kukukaa moyoni, mengine yote nitakayoandika yatateleza tu.

Aliyekwambia palikuwa na shaka moyoni mwako hakutumwa na Maandiko. Paulo ni mtu ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Limeandikwa katika Matendo 19. Paulo huyohuyo, karibu na mwisho wa maisha yake, anamwandikia Timotheo sentensi ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Basi. Hakuna maelezo wala lawama, wala neno la kusema imani ya Trofimo ilipungua. Mwenzake aliugua, akamwacha anaumwa, safari ikaendelea. Timotheo naye alisumbuliwa na tumbo, na alichopata kwa mtume ni ushauri wa kutumia mvinyo kidogo. Paulo mwenyewe aliomba mara 3 aondolewe mwiba wake, ukabaki. Na Bwana wetu pale Gethsemane aliomba mara 3 kikombe kimwepuke, kisha akakinywa. Anayedai kwamba nyuma ya kila ombi la namna hii pana shaka ya mwombaji, itambidi amshitaki na Yesu.

Yesu alikwisha kulijibu jambo hili. Watu 18 waliangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa, naye akauliza kama wasikilizaji wake wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Jibu lake: sivyo. Alipokutana na kipofu, wanafunzi wakataka kujua aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake. Akawakatalia yote mawili. Kwa hiyo ukikutana tena na yule ndugu, msalimie, lakini neno lake usilibebe kwenda nalo nyumbani.

Ila siwezi kumrushia jiwe kwa nguvu sana. Miaka yangu ya mwanzo ya kuhudumu wodini niliitwa usiku kwa mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Nilimkuta ameketi pembeni mwa kitanda anakunja kablanketi ka mtoto. Anakunja mara nne, analipapasa lilale vizuri, analikunjua, anaanza tena. Nikamwambia Mungu ana makusudi yake. Hakuinua hata macho. Akasema, "Mchungaji, keti." Nikaketi. Kwa karibu nusu saa hakusema neno jingine, nami nikaona haya kusema langu. Nimesomea theolojia kwa miaka mingi na kuifundisha kwa miaka mingi zaidi, lakini somo hilo nililipata kwenye kile kiti. Rafiki za Ayubu walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema. Katika kitabu kizima hilo ndilo jambo jema walilofanya. Walikuja kuharibu walipofungua midomo. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea kwa hoja nzurinzuri, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, aliyekuwa ameilaani siku ya kuzaliwa kwake na kumwita Mungu waonane kesini.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, "natumaini" maana yake huwa naombea, nakisia. Natumaini atafika mapema, huenda asifike. Nadhani ulipokuwa kando ya kitanda cha mume wako tumaini lako lilibebeshwa maana hiyo, na watu waliokuzunguka wakaliongezea uzito: ukisadiki sana, litakuwa. Halikuwa. Ndipo ukaona tumaini limekufa pamoja naye.

Kiebrania kina neno *tikva*. Ndilo tunalolifasiri tumaini, lakini neno hilohilo ni kamba, au uzi. Kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani Yeriko ili nyumba yake iokolewe ni *tikva*. Ayubu analichezea neno hili katika sura ya 7 anapolalamika kwamba siku zake zinakwenda mbio kuliko chombo cha mfuma nguo, tena zinaisha bila *tikva*: bila tumaini, na papo hapo, bila uzi, kama kitambaa kilichoishiwa uzi mtambo ukiwa bado unakwenda. Ni mzaha wa mtu aliyeumia sana, na Biblia imeuhifadhi.

Ninalipenda neno hili kwa sababu kamba haipimwi kwa jinsi unavyojisikia ulipoishika. Inapimwa kwa kitu ilichofungiwa. Mwandishi wa Waebrania anakwenda njia hiyohiyo anapoliita tumaini nanga ya roho. Wakristo wa karne za mwanzo waliipenda sana picha hiyo. Kwenye makaburi yao ya chini ya ardhi kule Roma, yale ya Priscilla kwa mfano, wameichora nanga juu ya mawe yaliyofunika wafu wao. Walipomzika mke au mtoto, walichora nanga.

Fikiria nanga inavyofanya kazi. Ikishatiwa huioni tena. Imezama, iko mahali ambapo macho hayafiki, na mabaharia wanajua kwamba imeshika kwa sababu kamba imekaza. Na kamba haikazi bahari ikiwa shwari. Shwari ikiwapo inalegea, unaweza hata kusahau kuwa ipo. Inakaza pepo zinapovuma. Tena chombo kilichotia nanga kinayumba kama kingine chochote, watu waliomo wanatapika kama wengine. Tofauti yake ni kwamba hakichukuliwi. Ninasema haya kwa sababu nadhani umeusoma vibaya ule ukimya wako ibadani. Umeuona ni dalili kwamba nanga imekatika. Mimi nauona tofauti. Mtu aliyekatikiwa hakai miezi 14 anarudi kila Jumapili mahali panapomuuma, kisha akaandika kuuliza. Kamba yako imekaza mpaka inatoa sauti.

Lakini imefungwa kwenye nini? Hapa ndipo imani ya Kikristo inaposimama au kuanguka, nami sitazunguka. Haikufungwa kwenye kupona kwa mume wako. Ingekuwa hivyo, ingekuwa imefungwa kwenye mwili ambao hata ungepona mwaka jana ungekufa mwaka mwingine. Mfikirie Lazaro. Dada zake wawili walimwambia Yesu maneno yaleyale, kila mmoja kwa wakati wake: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ni maneno yako. Martha alijibiwa kwa fundisho, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hakupewa fundisho lolote. Alipewa machozi. Yesu alilia akijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba anayejua habari ya ufufuo hapaswi kulia. Lazaro akatoka, bado amefungwa sanda. Kisha, baada ya miaka fulani, akafa tena kama watu wote.

Kinachoshika nanga ni kaburi lingine, la Yesu mwenyewe, ambaye hakurudi kuja kufa tena. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo hili takriban mwaka 55, miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba. Anawataja waliomwona: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, yaani wanafunzi kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, "walio wengi wao wanaishi hata sasa." Huyo ni mtu anayesema, nenda ukawaulize. Halafu anamwita Kristo limbuko lao waliolala. Limbuko ni yale mazao ya kwanza kabisa ya shamba. Hayashibishi nyumba, lakini yakishaletwa unajua shamba limeitika na mengine yanakuja. Tumaini la Mkristo juu ya mume wako ni hilo, wala si dogo: alichotendewa Yesu asubuhi ile ya Jumapili, mume wako naye atatendewa. Mungu hajatoa tarehe. Ameonyesha limbuko.

Umeuliza linapatikanaje likae. Swali hilo limenisumbua kuliko yote, kwa sababu jibu la kweli linaweza kukuvunja moyo kabla halijakusaidia.

Kitabu cha Maombolezo kiliandikwa Yerusalemu ikiwa imeteketezwa na Wababeli, mwaka 586 kabla ya Kristo au hapo karibu. Kina mashairi matano. Manne ya kwanza yamepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kama mtu anayejilazimisha kuusema uchungu wote kutoka alfa hadi omega asiruke hata herufi. Shairi la katikati, sura ya 3, linaipa kila herufi mistari mitatu, ndiyo maana ina mistari 66. Humo ndimo yalimo maneno tunayoyaandika kwenye kadi: huruma za Bwana hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Tunasahau kwamba mstari wa 18 mtu huyohuyo amesema nguvu zake zimepotea, na tumaini lake kwa Bwana limepotea nazo. Kutoka mstari wa 18 mpaka 21, anaposema "kwa hiyo nina matumaini," ni mistari mitatu tu. Kitu gani kilitokea katikati? Hakuna. Mji haukujengwa, wafu hawakurudi. Alijikumbusha tu Mungu ni nani. Na hata hivyo, mistari michache mbele, anarudi chini: na atie kinywa chake mavumbini, "ikiwa yamkini liko tumaini." Yamkini! Neno hilo limo katika Biblia, na wewe unaruhusiwa kulisema. Sura ya 5 inaisha vibaya, inauliza kama Mungu amewakataa kabisa. Wayahudi wanapoisoma sinagogini hurudia mstari wa kabla ya mwisho ili wasiondoke na lile neno la mwisho masikioni.

Zingatia lile neno "kila siku asubuhi." Mana nyikani ilikuwa hivyo, na aliyejaribu kuiweka mpaka kesho aliikuta imeingia mabuu. Unatamani tumaini ulipate mara moja, ulifungie kabatini, usilale tena na hofu. Mimi pia ningelitaka hilo. Sijaona mtu yeyote aliyepewa. Kinachokaa ni uaminifu wake Mungu. Sehemu yetu tunaipokea ya siku moja. Ukiamka kesho huna kitu, hujapoteza tumaini la jana. Lile lilikuwa la jana, ukalitumia, likaisha.

Kuhusu nyimbo: usijilazimishe. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, nasi makanisani tumezisukuma pembeni mpaka aliyefiwa hana wimbo wa kuimba. Tumewanyang'anya. Soma Zaburi ya 13, inayoanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Soma ya 88, ambayo neno lake la mwisho ni giza, wala hakuna mstari wa kugeuza mambo mwishoni. Isome kwa sauti, mlango umefungwa. Kumlalamikia Mungu ni kuendelea kusema naye, na mtu hawezi kusema na Mungu ambaye yeye mwenyewe haamini kwamba yupo. Jumapili waache wengine waimbe wewe ukiwa umenyamaza katikati yao. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alishushwa kutoka darini na watu wanne, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona "imani yao." Ya wale waliombeba. Mgonjwa hakuwa amesema kitu. Kwa sasa wewe uko kwenye godoro. Zamu yako ya kushika kona itafika.

Kuna jambo jingine ambalo wajane wengi huambiwa na si kweli: kwamba Mungu ataliziba pengo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, aliliandika vizuri kuliko mimi. Alikuwa gerezani Berlin, Desemba 1943, amefungwa na serikali ya Hitler iliyomnyonga tarehe 9 Aprili 1945, wiki chache kabla ya vita kuisha Ulaya. Katika barua ya Krismasi kwa watu wake wa karibu alisema hakuna kinachoweza kujaza nafasi ya mtu tunayempenda, na kwamba ni kosa kusema Mungu huijaza. Mungu huiacha wazi, na kwa kuwa wazi kwake ushirika wetu na yule mtu unahifadhiwa, hata kama kwa maumivu. Huna haja basi ya kujilaumu kwamba bado unamkosa mumeo upande ule wa kitanda. Paulo hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Huzuni yenyewe hakuigusa.

Nikugeuzie ukurasa kidogo. Eliya alipofika mahali pa kuomba afe, Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mafundisho yalikuja baadaye sana. Kwa hiyo nakuuliza kama malaika yule: unakula? Unalala? Kama usingizi umekukatika kwa majuma, kama kuamka na kuwahudumia watoto kumekushinda, au kama umefika mahali unatamani usingekuwapo, nenda kwa daktari wiki hii, na hilo la mwisho likikujia kwa nguvu mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako. Sonona, yaani huzuni nzito inayomlemea mtu, ni ugonjwa kama ugonjwa wa ini. Dawa yake si usaliti wa imani, kama ambavyo dawa za mume wako hazikuwa usaliti. Na utafute mtu mmoja, mmoja tu, ambaye ukimwambia Zaburi ya 88 ndiyo sala yako ya sasa hatakurukia na Zaburi ya 150, ile ya sifa tupu.

Nimebakiza mwanao. Alikuuliza jambo kubwa usiku, ukamwambia akalale. Kila mzazi amewahi kufanya hivyo. Atauliza tena, au unaweza kumrudia wewe. Usimwambie Mungu alimhitaji baba kuliko wao, maana atakua akimwogopa Mungu anayechukua baba za watu. Usimwambie baba amelala. Neno hilo ni la Biblia na ni zuri, lakini mtoto wa miaka 7 analichukua kama lilivyo, halafu wewe ndiwe utakayesumbuka kila jioni kumpeleka kitandani. Mwambie baba alikufa, mwili wake uliacha kufanya kazi. Mwambie Mungu alitusikia. Mwambie hujui kwa nini baba hakupona, na kwamba hata mchungaji hajui. Mwambie Yesu alikufa, Mungu akamfufua, na baba naye atafufuliwa, na siku hiyo Mungu mwenyewe atafuta kila chozi, na la kwake. Kisha mwambie leo una huzuni, umuulize yeye anajisikiaje.

Halafu nyamaza. Watoto wa umri huo wanaweza kulisikiliza jambo kama hilo lote, wakatulia kidogo, kisha wakauliza kesho nani atawafunga kamba za viatu. Mjibu na hilo.